Barua ya malalamiko: mbegu za karoti zilizobandikwa tarehe mpya

Olmotonyi, Arusha
20 Juni 2025

Kwa Meneja Mauzo,

YAH: MBEGU ZA KAROTI ZISIZOOTA, MAKOPO MATATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanzoni mwa Mei nilinunua kwa wakala wenu makopo matatu ya mbegu za karoti aina ya Nantes, gramu 500 kila kopo. Mawili niliyapanda tarehe 12 kwenye nusu eka, la tatu nikaliweka akiba. Stakabadhi ninayo.

Wiki tatu zilipotimia, miche ilikuwa ya kuhesabu. Unapiga hatua nzima huoni kitu, kisha unakuta mitatu imejikunyata pamoja kama wageni waliochelewa msibani. Na karoti si kabichi, useme utahamisha miche uzibe mapengo. Ukiing'oa ukaipanda upya, mzizi unapinda na kugawanyika, na pale soko la Kilombero hakuna anayetaka karoti yenye miguu miwili.

Wakala wenu alinijibu, "Mama, umezizika." Huu ni mwaka wangu wa tisa kulima karoti. Mistari naichora kwa kijiti, kina chake hakizidi sentimita moja, nafunika nyasi kavu udongo usigande, namwagilia asubuhi na jioni. Jirani yangu tunayetumia naye mfereji mmoja alipanda wiki hiyohiyo mbegu za kampuni nyingine, na sasa anapunguzia miche kwa jinsi ilivyobanana.

Sikutaka ubishi. Nilihesabu mbegu 100 zilizobaki kwenye kopo la pili, nikazitandaza juu ya kitambaa kibichi kwenye sahani, nikaiweka jikoni. Hadi siku ya 14 zilikuwa zimeota 23.

Ndipo nikalitazama kopo vizuri. Nilipopitisha kidole juu ya stika ya tarehe ya mwisho wa matumizi, nikahisi ukingo wa stika nyingine chini yake. Nikailowesha, nikaibandua kwa ukucha. Ya juu inasema Novemba 2026. Ya chini, Novemba 2023. Kopo lile jingine nalo vilevile. Aliyebandika ni nani, hilo mtaulizana wenyewe, maana makopo yana nembo yenu.

Naomba mnirudishie fedha za makopo yote matatu, pamoja na shilingi 140,000 nilizolipa trekta na vibarua. Tena mtume bwana shamba wenu aje aone kwa macho yake. Huyo wakala asije.

Shamba nitaligeuza Jumamosi tarehe 28, kwa kuwa zamu yangu ya maji ni Jumapili na nikiikosa nasubiri wiki nyingine. Kopo la tatu sijalifungua wala sijagusa stika yake. Msipofika kufikia siku hiyo, Jumatatu nalipeleka TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Wenu,
Mkulima, Olmotonyi