Barua kwa binti yangu: usizitupe hizo nguo kwanza

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu na anasema anangoja simu yako, maana barua zangu anaziona ndefu na hazina umbea.

Nimeelewa unachotaka kufanya. Unataka kulimaliza kabati lote, nguo zote za bei rahisi uzigawe, kisha uanze upya na nguo chache zilizotengenezwa kwa haki, zisizoharibu mazingira. Na umeniuliza kama wanaokucheka wana haki kusema kwamba shati la mtu mmoja halijawahi kumnyima tajiri usingizi. Nitajibu yote mawili, ila naanza na kabati, kwa kuwa hilo ndilo la haraka.

Usizitupe. Wala usizigawe kwa pupa. Nguo iliyomo kabatini mwako imeshakunywa maji yake, imeshatiwa rangi yake, na aliyeishona ama ameshalipwa ama ameshadhulumiwa. Hakuna utakachonunua leo, hata kiwe na lebo ya kijani namna gani, kitakachoyarudisha hayo. Inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba hutumia takribani lita 2,700 za maji kabla haijafika dukani. Maji hayo yamekwenda. Kilichobaki mikononi mwako ni kuamua kama yalikwenda kwa ajili ya fulana ya msimu mmoja au ya miaka kumi.

Halafu jiulize zinakwenda wapi. Mtu akishatia mfuko wa nguo kwenye sanduku la msaada hujiona ametenda wema, na hafuatilii tena. Nyingi hufungwa marobota na kuvushwa bahari. Katika soko la mitumba la Kantamanto, Accra, nchini Ghana, wafanyabiashara hununua robota bila kujua lina nini ndani. Nzuri zinauzwa. Zenye kasoro mafundi wanazifumua, wanazishona upya, wanazitia rangi. Zisizofaa kitu zinaishia jalalani, mitaroni na ufukweni. Mafundi wale nawavulia kofia, maana wanaokoa kila siku kile ambacho wengine wamekichoka, na soko lao lilipoungua mwanzoni mwa Januari 2025 walirudi kujenga. Lakini wao hawakuomba wapewe takataka. Huko Chile nako, katika jangwa la Atacama karibu na bandari ya Iquique, nguo zilizokosa mnunuzi zilirundikwa mchangani vilima kwa vilima, na poliesta, kitambaa kinachotokana na plastiki, haiozi. Kwa hiyo kuvaa mitumba nakusifu. Kuwamwagia wengine mitumba ili kabati lako lionekane safi, hilo sikusifu.

Hata wakubwa wamewahi kubishana juu ya jambo hili. Mwaka 1921 Gandhi, akiwaongoza Wahindi kuipinga Uingereza iliyowatawala, aliwahimiza wagomee nguo za kigeni na wazichome moto hadharani, na Bombay ziliwaka kweli. Mshairi Tagore, Mhindi mwenzake aliyemheshimu sana, alimpinga waziwazi: iweje uchome nguo wakati kuna watu walio uchi? Mimi niko upande wa Tagore. Ila Gandhi nampa haki yake kwa lililofuata. Mwaka 1931, alipokwenda Uingereza, alifunga safari hadi Lancashire kuonana na wafanyakazi wa viwanda vya vitambaa, watu ambao kazi zao zilikuwa zimepungua, na mgomo wake ulikuwa na sehemu yake katika hilo. Hakuwakwepa. Alikwenda kuzungumza nao uso kwa uso, nao walimpokea vizuri. Ukigomea kitu, mwanangu, ujue kuna mtu anayekula kwa kitu hicho, na uwe tayari kumtazama.

Sasa wenzako. Wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo usiwanyime.

Katika karne ya 18 kulikuwa na fundi wa nguo huko New Jersey aliyeitwa John Woolman, mtu wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker. Aliacha kuvaa nguo zilizotiwa rangi, akiona kwamba rangi huidhoofisha nguo na huficha uchafu badala ya kuuondoa. Akavaa hadi kofia isiyotiwa rangi. Kilichonichekesha ni kwamba wakati huohuo kofia nyeupe zikawa fasheni ya vijana, na baadhi ya waumini wenzake wakaanza kumkwepa wakidhani mzee naye kaingia kwenye mitindo! Nguo peke yake haijielezi. Lakini Woolman hakuishia kwenye kofia. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa waumini waliomiliki watumwa, akawaomba wawaache huru. Akilala kwao na kuhudumiwa na watumwa, aliacha malipo kwa ajili ya hao waliomhudumia. Alifariki mwaka 1772. Mwaka 1776 mkutano mkuu wa Philadelphia wa madhehebu yake ukapiga marufuku waumini kumiliki watumwa. Sisemi kofia ndiyo iliyofanya hayo. Nasema mtu aliyeivaa alikuwa hawezi tena kukaa kimya, kwa sababu kila alikoingia aliulizwa.

Hapo ndipo ninapoona uanaharakati wa nguo. Kununua, hata ukinunua kitu chema, bado ni kununua, na wenye maduka wameshalijua hilo. Ndiyo maana lebo za "rafiki wa mazingira" zimejaa kila mahali wakati nguo zinazidi kuongezeka: kati ya mwaka 2000 na 2015 utengenezaji wa nguo duniani ulikaribia kuongezeka maradufu, na mara ambazo vazi moja linavaliwa kabla ya kutupwa zikapungua. Poliesta iliyorejelezwa unayoiona ikitangazwa, sehemu kubwa yake imetoka kwenye chupa za plastiki, si kwenye nguo kuukuu. Nguo kuukuu kugeuzwa kuwa nguo mpya ni nadra mno, haifiki hata asilimia 1. Na usidhani pamba ndiyo malaika. Bahari ya Aral, iliyokuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, ilikauka kwa sehemu kubwa baada ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba, kuanzia miaka ya 1960.

Umetaja Rana Plaza katika barua yako, nami nimefurahi kwamba unaikumbuka, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Jengo lile la ghorofa nane lenye viwanda vya nguo, huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, lilipata nyufa tarehe 23 Aprili 2013. Benki iliyokuwa humo ikawaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji wakaamriwa warudi kwenye vyerehani. Kesho yake asubuhi likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake. Jambo ambalo watu hulisahau ni lebo. Baadhi ya kampuni zilikana kwamba nguo zao zilishonwa mle, ikabidi watetezi wa wafanyakazi wachakure kwenye kifusi kutafuta lebo na karatasi za oda ili kuwe na ushahidi. Kile kipande cha kitambaa tunachokikata kwa sababu kinawasha shingoni ndicho kilichowaumbua.

Nini kilibadilika baada ya hapo? Watu hawakuacha kununua mashati. Hata wafanyakazi wa Bangladesh wenyewe hawakuomba hivyo: ni mamilioni, na nguo ndizo zinazoiingizia nchi yao sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni. Kilichobadilisha mambo ni mkataba. Mwezi Mei 2013 vyama vya wafanyakazi na kampuni za nguo vilitia saini makubaliano ya usalama wa majengo na moto, yenye nguvu ya kisheria. Wakaguzi huru waliingia viwandani na matokeo yakatangazwa wazi. Kampuni zaidi ya 200 ziliingia. Zingine zilisaini kwa hofu ya wateja waliokuwa wanauliza kwa sauti, na mimi sina neno na hofu ya namna hiyo. Ahadi za hiari zilikuwepo miaka mingi kabla ya hapo, na hazikuzuia lolote.

Kwa hiyo wenzako wakisema shati moja halibadilishi kiwanda, wakubalie. Kisha waalike waziandikie kampuni za nguo pamoja nawe; jinsi gani, nitakueleza mwishoni.

Ila nakuomba kitu kimoja: usimsute mtu kwa alichovaa. Anayenunua nguo rahisi kwa sababu ndiyo anayoimudu, na akaivaa mpaka ipauke, ametenda haki kuliko mwenye kabati la nguo "safi" ishirini ambazo hazijawahi kutoka jasho. Shangazi yako amevaa sketi ileile ya kijivu tangu kabla hujazaliwa, na hajawahi kusikia hata neno moja la harakati zenu.

Sasa niruhusu nizungumze kama fundi, maana hapa ndipo ninapopajua.

Nguo ukiishika dukani, igeuze nje ndani kabla hujaangalia rangi. Tazama kitambaa kilichoachwa pembeni mwa mshono. Kama mshona amebakiza nusu ya ukucha tu, akapitisha ovaloki, ule mshono wa cherehani unaozuia ukingo usichanike nyuzi, na kuishia hapo, nguo hiyo haiwezi kupanuliwa, na ikivutika kidogo itafumuka. Ikiwa ameacha upana wa kidole, alikusudia uishi nayo. Shika mshono kwa mikono miwili uuvute taratibu: ukiona mwanga unapita kati, irudishe. Angalia pindo limekunjwa mara ngapi. Kama ni nguo ya mistari au maua, tazama kama mistari inakutana kwenye mshono, kwa maana fundi aliyepewa muda wa kuilinganisha huenda alipewa muda wa kufanya na mengine. Siyo mara zote, lakini jicho langu halijanidanganya sana.

Kifungo kinadondoka kwa sababu kimeshonwa kikabana na kitambaa. Unapokirudishia, weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, pitisha uzi juu ya njiti, kisha uichomoe, uvute kifungo juu, na uzungushe uzi chini yake mara kadhaa hadi ufanye shingo fupi. Ndipo ufunge fundo. Kifungo kitapata nafasi ya kucheza, na kitaizika nguo yenyewe.

Zipu ikiachia meno, usikimbilie kung'oa zipu nzima. Mara nyingi kilichochoka ni kichwa chake, kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili, taratibu, usikivunje. Kikigoma, kichwa kinabadilishwa peke yake.

Suruali zako najua zinakuishia kati ya mapaja. Usingoje tundu. Ukiona kitambaa kimekonda na nyuzi zinaanza kuonekana, weka kiraka kwa ndani wakati bado kuna kitu cha kushikia sindano. Kama tundu limeshafika, basi weka kiraka cha wazi, cha rangi nyingine, na usione haya. Kiraka kizuri watu wanakiuliza, na ukiulizwa umeshapata mlango wa kuingilia.

Poliesta ifue mara chache, kwa maji baridi, nguo zikiwa zimejaa kwenye mashine. Kila ikifuliwa hutoa nyuzinyuzi za plastiki zisizoonekana kwa macho, na hizo huishia mitoni na baharini. Nguo ambayo haijachafuka, itundike ipate upepo, inatosha. Ya rangi kali igeuze na kuianika kivulini.

Na kuhusu gauni la sherehe ya rafiki yako, azima. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kuona gauni linalonunuliwa livaliwe usiku mmoja, lipigwe picha, kisha liogopwe kurudiwa kwa kuwa picha zimeshaonekana. Wewe ukilivaa gauni lako mara ya tano mbele ya watu walewale, kwangu hilo ni tendo la ushujaa zaidi ya maandamano mengine niliyoyaona.

Sheria nazo zinaanza kusogea, kwa hiyo usiache kuwabana wanaozitunga. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 inayokataza kampuni kuharibu nguo zisizouzika, na tangu mwishoni mwa 2023 mtu akipeleka nguo au kiatu kwa fundi aliyesajiliwa, anapunguziwa malipo. Jambo hilo la pili, kama fundi, nimelipenda kuliko nilivyoweza kuonyesha mbele ya mama yako. Mtu anasaidiwa kurekebisha badala ya kushawishiwa kununua!

Basi fanya hivi. Chukua zile nguo tatu unazozivaa zaidi, soma lebo zake, na uwaandikie walioziuza. Usiwaulize kama wanajali mazingira, maana watakuletea aya mbili za maneno matamu. Waulize viwanda vilivyozishona ni vipi kwa majina, kama orodha ya viwanda vyao iko wazi kwa umma, kama wafanyakazi wa humo wana chama, na kama kampuni imesaini mkataba wa usalama. Waandikie ukiwa na wenzako, hata hao wanaokucheka, kila mmoja kwa jina lake. Barua moja huwekwa kando, ila zikija nyingi kuna mtu ataitwa kwenye kikao kuzieleza.

Jibu likija, nitumie kama lilivyo, usinifupishie. Wakikaa mwezi mzima kimya, niambie pia, tuandike ya pili pamoja.

Ni mimi baba yako.