Nani kalipa, na kaulizwa nani?

Mhariri, assalaam alaykum.

Naandika juu ya hizi kura za maoni mnazotuchapishia, maana uchaguzi ukikaribia tu, uwe wetu au wa Marekani, mnaweka kichwa cha habari kikubwaa "fulani aongoza" halafu basi, hamsemi nani kauliza wala kwa njia gani, na huku barzani kwetu Wete watu wanataka kushikana mashati kwa namba hizo.

Kuna jamaa yetu mmoja anaiamini Rasmussen, kampuni ya kura za maoni ya Marekani, humwambii kitu. Hoja yake ni 2016, ati walisema Hillary Clinton atampita Trump kwa pointi 2 kwenye jumla ya kura za wananchi nchi nzima na kweli akampita kwa pointi 2 na kidogo. Sawa, hapo walipatia. Lakini mbona 2012 walimuweka Romney wa Republican mbele kwa pointi 1 na Obama akashinda kwa karibu 4? Na 2018 kwenye uchaguzi wa Bunge wakasema Republican wako mbele kwa 1, Democrat wakaongoza kwa zaidi ya 8. Hata 2010, mwaka ambao Republican walishinda kweli, Nate Silver, mtaalamu wa takwimu wa kule, alipopiga hesabu zake akakuta Rasmussen wamewaongezea kama pointi 4 kwa wastani. Kukosea kila mtu anakosea, mie hapo sina neno, lakini ukikosea mara zote unaangukia upande mmoja basi mzani wako una kasoro na ile 2016 haiufuti. FiveThirtyEight, mtandao wa kule waliokuwa wakikusanya kura za maoni za kampuni mbalimbali, mwaka 2024 wakawatoa Rasmussen kabisa kwenye hesabu zao.

Na si lazima mtu awe kahongwa. Rasmussen kwa miaka walitumia mashine kupiga simu za mezani, kwa sababu sheria ya kule inaibana mashine kupigia simu za mkononi, sasa nani anakaa nyumbani na simu ya mezani kama si wazee?

Tuje kwetu. 2015 shirika la utafiti la Twaweza walimpa Magufuli asilimia 65 na Lowassa wa upinzani 25, kampuni ya Ipsos wakasema 62 kwa 31, matokeo yakatoka 58 kwa 40. Wote wawili wamekosea upande ule ule. Mie siwaiti wa chama, uchaguzi mmoja hautoshi kumhukumu mtu, lakini nadhani wapo waliopigia upinzani ambao hawakutaka kumwambia mgeni. Halafu utafiti ule wa Twaweza ulikuwa wa Bara tu, Unguja na Pemba hazimo, na watu huku walikuwa wakiusoma kama na wao wameulizwa!

Bi mkubwa wangu alishapigiwa simu na kijana anasema yeye wa utafiti, anauliza bibi unapenda chama gani. Akamjibu "mwanangu mie nampenda atakaeshinda," akakata, kisha akatugeukia sisi kutuuliza nani katoa nambari yake. Sasa jibu kama lile wanalitia kapu gani?

Tena kwa Zanzibar ndo balaa zaidi. Kwenye urais wa Zanzibar 1995 Dk. Salmin alipata asilimia 50.2, Maalim Seif 49.8. 2010 Dk. Shein 50.1, Maalim 49.1. Kampuni ikija na utafiti wenye kosa la asilimia 3 juu au 3 chini ikakwambia fulani anaongoza kwa 2, hapo haijakwambia kitu, na nyie mshakipa ukurasa wa mbele.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, chini ya kila kura ya maoni wekeni nani kalipa, wameulizwa wangapi, kwa simu au uso kwa uso, visiwani wamefika au hawakufika, na uchaguzi uliopita kampuni hiyo hiyo ilisema nini na ikawa nini. Nafasi ipo, punguzeni picha ya mgombea. Na kampuni ikikataa kujibu andikeni hivyo hivyo, imekataa.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba