Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: lipimeni ziwa kabla ya kumwaga zege

Kwa Waziri wa Nishati na Petroli,
Jamhuri ya Kenya

Mheshimiwa Waziri,

Jirani yangu hapa Kaunti ya Louth, mashariki mwa Ireland, ni bibi aliyekwisha kuvuka miaka themanini. Mwezi uliopita alikuwa akitafuta kiberiti, akavuta mtoto wa meza jikoni, na katikati ya betri chakavu na vibonge vya uzi akatoa pakiti ndogo ya vidonge. Vilikuwa vidonge vya iodini, vya kukinga tezi ya shingo ajali ya nyuklia ikitokea. Serikali ya Ireland ilivituma kwa posta nyumba hadi nyumba mwaka 2002, na muda wake ulikwisha kitambo. Mimi ni muuguzi. Mkono wangu ukaenda kuvitupa. Bibi akanizuia. Akaniambia kwamba aliishi miaka hamsini akitazamana na kile kiwanda cha ng'ambo, na pakiti hiyo ndiyo habari ya kwanza juu yake iliyowahi kuletwa mlangoni pake.

Kiwanda chenyewe kinaitwa Sellafield. Kiko ufukweni Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na baina yake na sisi pana Bahari ya Ireland tu. Mimi ni mzaliwa wa Takaungu, Kilifi, niliyesomeshwa kwa pesa za samaki. Nimeona nikuandikie habari za bahari hii kwa sababu serikali yetu inapanga kinu cha kwanza cha nyuklia cha Kenya, na maji yatakayopakana nacho si ya Wakenya peke yao.

Tangu mwaka 1952 kiwanda hicho, enzi hizo kikiitwa Windscale, kilimwaga baharini kwa bomba maji yenye mionzi. Waliokijenga walitaka plutoniamu ya mabomu. Baadaye kikawa pia mahali pa kuchakata fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika. Walidhani bahari ni kubwa, itazimua kila kinachotiwa. Lakini plutoniamu nyingi ilinasa kwenye tope la chini, na sehemu ya sisiamu, taka nyingine yenye mionzi, nayo ikazama humo. Hata leo tope likivurugwa, baadhi yake hurudi majini. Kilele cha umwagaji kilikuwa katikati ya miaka ya 1970, na wakati huo mvuvi wa upande huu wa bahari hakuwa na ofisi ya kwenda kuuliza nini kimetiwa majini usiku uliopita.

Kuna mambo mawili ya historia hiyo ambayo siwezi kuyapita haraka.

Oktoba 1957 kinu kimojawapo kilishika moto. Maziwa ya mashamba katika eneo la takriban kilomita za mraba 500 yakakusanywa na kumwagwa. Uchunguzi ulifanyika, ripoti ikaandikwa, na Waziri Mkuu Harold Macmillan akazuia isichapishwe yote. Umma uliiona mwaka 1988. Mtoto aliyezaliwa wiki ya moto ule alikuwa mtu wa miaka thelathini ndipo aliporuhusiwa kusoma kilichoanguka juu ya malisho ya ng'ombe wa kwao.

La pili ni la Novemba 1983. Wapiga mbizi wa Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, walikwenda kuziba mdomo wa bomba, wakajikuta wao na boti yao wamechafuliwa na mionzi. Kiwanda kilikuwa kimeachilia baharini taka ambazo hazikupasa kutoka. Watu wakaonywa wasitumie fukwe za urefu wa kilomita 40 hivi, na mwaka 1985 kampuni iliyokiendesha, BNFL, ikatozwa faini ya pauni 10,000.

Hata nia njema ilivuka mpaka bila kubisha hodi. Mwaka 1994 ulianza kazi mtambo mpya wa kusafisha taka za zamani. Ulipunguza plutoniamu kweli, lakini teknetiamu, nayo yenye mionzi, ulishindwa kuikamata. Ikaonekana kwa kambakoche wa Bahari ya Ireland, na baada ya miaka michache ikaonekana kwenye mwani wa pwani ya Norway. Teknetiamu hiyo huchukua zaidi ya miaka 200,000 kupungua nusu. Wavuvi wa Norway hawakuwahi kumpigia kura mbunge wa Cumbria. Kelele zao na za Waireland ndizo zilizosaidia kuleta njia mpya ya kuinasa, iliyoanza kutumika mwaka 2004.

Kelele hizo hazikuzuka zenyewe. Mwaka 2001 Ireland iliishtaki Uingereza mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, juu ya mtambo mwingine uliojengwa hapo hapo. Tarehe 3 Desemba majaji walikataa kuuzuia, ila waliziamuru nchi hizo mbili zishirikiane na kupeana habari. Miezi michache baadaye, Aprili 2002, kadi za posta zipatazo milioni 1.3 zilitumwa kutoka Ireland kwa Waziri Mkuu Tony Blair, kwa Mwanamfalme Charles na kwa mkuu wa BNFL, zikitaka kiwanda kifungwe. Nchi nzima ilikuwa na watu wasiofika milioni nne. Bibi jirani yangu alitia saini ya kwake akiwa amesimama kwenye foleni ya duka la mboga.

Leo umwagaji ni sehemu ndogo mno ya ule wa miaka ya 1970. Kazi ya kuchakata fueli ilikoma Sellafield mwaka 2022. Kila mwaka idara za Uingereza huchapisha vipimo vya samaki, kamba, konokono wa baharini, mwani na maziwa, na Ireland hupima kivyake kwa maabara zake. Wanangu wanakula kamba wanaoshushwa Clogherhead, bandari ya wavuvi hapa Louth, nami nawapikia bila wasiwasi. Nambari nimeziona. Mionzi ya viwandani anayoipata mla samaki hapa iko mbali sana chini ya kikomo cha milisiveti 1 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoufikia mwili), na ni ndogo kuliko ile ya poloniamu ya asili iliyomo ndani ya samaki tangu dunia iumbwe. Nambari hizo zimepimwa na pande mbili ambazo hazijawahi kupendana juu ya jambo hili. Ndiyo maana naziamini.

Sitaki kukuonea, Mheshimiwa. Kinu cha kuzalisha umeme si kiwanda cha kuchakata fueli. Kinachotoka kwenye kinu kinachoendeshwa vizuri ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kilichotoka Sellafield. Nami sipingi umeme. Mama yangu alizaa wawili kati yetu kwa mwanga wa koroboi.

Lakini nakumbuka mambo yalivyokuwa Kilifi wakati Uyombo ilipotajwa kuwa ndipo kinu kitakapojengwa, pale karibu na Mida Creek na msitu wa Arabuko-Sokoke. Simu yangu ilijaa sauti za WhatsApp kutoka nyumbani. Huyu anasema watoto watazaliwa na vichwa viwili, yule anasema ni uongo wa wasiopenda maendeleo. Dada yangu, anayekaanga samaki na kuwauza jioni kando ya barabara, aliniuliza neno moja: "Tutajuaje?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa hakuna karatasi aliyowahi kuletewa yenye kipimo cha samaki wake.

Sasa jina linalotajwa zaidi ni Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Wengi nyumbani walishusha pumzi. Mimi sikuweza. Bahari ya Ireland ina milango miwili, kusini na kaskazini, na maji ya Atlantiki huingia na kutoka. Ziwa Victoria lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Nile, pale Jinja. Maji mengi zaidi hutoka kwa kupaa angani, na sisiamu haipai. Ikiingia hubaki na maji na tope. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hilo. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Omena anayeanikwa kwenye nyavu Siaya ndiye dagaa wa Mwanza na ndiye mukene wa Uganda, na hakuna anayemwuliza kitambulisho akivuka.

Ninaloomba ni hili, na lifanyike kabla ya lori la kwanza la zege. Lipimeni ziwa lilivyo sasa. Chukueni maji, tope, omena, mbuta, ngege na magugumaji, upande wa Kenya na, kwa ruhusa ya wenyewe, upande wa Mwanza na Entebbe. Wapimaji wa Tanzania na Uganda wapate nusu ya kila chupa wakapime kwao. Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki una maabara za bahari kule Monaco tangu 1961. Nao wapelekewe sampuli, wahakiki. Bila vipimo vya leo, siku mvuvi atakapolalamika mwaka 2040 hakutakuwa na kitu cha kulinganishia, na kila upande utasema unavyotaka.

Kisha matokeo yasifungiwe Nairobi. Yabandikwe kwenye mbao za BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, pwani kwa pwani, kwa Kidholuo na Kiswahili na Kiganda, kwa maneno ambayo mama anayeanika omena atayaelewa: samaki huyu ana kiasi hiki, kikomo ni hiki, tutapima tena mwezi fulani. Na ikitokea siku kipimo kimepanda, kibandikwe siku hiyo hiyo, hata kama kitaharibu soko. Najua hilo ni zito kwa serikali yoyote. Nimeona hapa lilivyokuwa zito zaidi kwa waliongoja miaka thelathini.

Dada yangu bado anauza samaki barabarani jioni, Mheshimiwa, na mwenzake wa Siaya anayeuza omena naye yuko hivyo hivyo. Nitafurahi nikiambiwa chupa ya kwanza ya tope itajazwa lini, na ufukwe gani.

Wako kwa heshima,
Muuguzi, mzaliwa wa Takaungu,
Kaunti ya Louth, Ireland