Jibu la bromopropani lisahihishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watayarishaji wa ukurasa wa wanafunzi katika gazeti lako. Juzi waliuliza: ukichemsha 1-bromopropani pamoja na potasiamu haidroksaidi iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, utapata nini? Jibu likachapwa: propeni. Basi, neno moja. Vijana wangu wa kidato cha sita hapa Wete wamelikata na kulibandika daftarini, na sasa mbishi naonekana mimi.

Najua lilikotoka. Ule wimbo wa "kwa maji alkoholi, kwa spiriti alkeni" tumeimbishwa sote: potasiamu haidroksaidi ikiwa kwenye maji utapata alkoholi, ikiwa kwenye ethanoli utapata alkeni, jamii ya propeni. Kwa bromaidi za daraja la tatu, ambazo kaboni yenye bromini imeshikana na kaboni nyingine tatu, sina ugomvi nao. Lakini hii ni ya daraja la kwanza: kaboni iliyobeba bromini imeshikana na kaboni nyingine moja tu, kwa hiyo nyuma yake kuko wazi. Besi, yaani ile haidroksaidi au ethoksaidi inayozaliwa ikikutana na ethanoli, huingia kwa nyuma huku bromini ikitokea upande wa pili, hatua moja, kwisha. Vipimo vimo vitabuni miaka mingi. 1-bromopropani na ethoksaidi ndani ya ethanoli, nyuzi joto 55: asilimia 91 huwa etha, yaani ethoksaidi imekaa mahali pa bromini, 9 tu ndiyo propeni. Ongeza tawi la methili kwenye kaboni ya pili, mizani inageuka, alkeni inafika asilimia 60. Mwenye kutaka alkeni hasa atumie besi iliyojaa matawi, kama tert-butoksaidi. Hiyo ni sawa na mtu aliyejitwika pakacha kwenye ujia mwembamba: kupenya hawezi, hivyo huchopoa hidrojeni iliyo karibu. Moto nao ukizidi, uondoshaji, yaani huko kuchopoa hidrojeni na bromini hadi ibaki alkeni, hupata nguvu.

Tena mifano tunayo hapa hapa Pemba, sijui kwa nini tunaiacha. Mafuta yanayotolewa kwa mvuke kwenye makonyo ya karafuu pale Wawi yamejaa eugenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Itie besi, hidrojeni ya haidroksili, ile iliyoshikana na oksijeni, inatoka. Kisha tia methili iodaidi, oksijeni inaivamia kaboni na iodini inaondoka zake. Unapata methili eugenoli, ile dawa inayowavuta madume ya nzi wa matunda kwenye mitego tunayotundika miembeni. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini hapo hakuna uondoshaji hata chembe, aangalie methili: ni kaboni peke yake, haina jirani wa kunyang'anywa hidrojeni.

Naomba jibu lisahihishwe kabla ya mitihani. Na wakitaka swali la kuwatoa vijana jasho, waulize kuhusu 1-bromo-2,2-dimethilipropani. Ni ya daraja la kwanza vilevile, lakini methili tatu zimeziba njia ya nyuma, na kaboni jirani haina hidrojeni hata moja. Wimbo wao utasema nini hapo?

Mwalimu wa kemia,
Wete, Pemba