Chumba cha kulala sikitii nondo bila ya kilango cha kutokea

Wiki mbili zilizopita bi mkubwa mmoja wa Mpendae, hapa Unguja, alinijia karakanani na karatasi ya bei ya nondo za madirisha mkononi. Haikuwa yangu, ilikuwa ya fundi mwengine. Akaiweka juu ya meza ya kukatia chuma, akaikandamiza kwa kidole isipeperuke, akaniambia: "Fundi, wewe unaiba mchana kuliko hao wa usiku tunaowawekea nondo." Bei yangu ilizidi ile kwa shilingi elfu 45 kwa kila dirisha, na madirisha yake ni matano. Hesabu yake ilikuwa sawa. Nilimpa kiti na maji, nikamuomba anisikilize. Niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa, maana si yeye wa mwanzo kunitolea maneno hayo, na nimechoka kuyajibu kwa mmoja mmoja.

Hiyo elfu 45 ina vitu vitatu ndani yake: unene wa chuma, rangi ya chini, na kilango cha kutokea, yaani sehemu ya nondo inayofunguliwa kutoka ndani mtu akimbie moto ukishika.

Nianze na unene. Karatasi ya yule fundi iliandikwa "nondo" tu, bila ya kusema za milimita ngapi. Mimi natumia za 12. Mteja akienda kwengine huambiwa kwamba ya 10 na ya 12 zinapishana milimita mbili, kitu gani hicho? Basi njoo karakanani tuzitie kwenye mizani. Mita moja ya nondo ya 12 ina karibu gramu 890. Ya 10 ina karibu gramu 620. Kwa jicho ni milimita mbili, kwa mizani ni zaidi ya robo ya chuma imeondoka. Na chuma chote kinachotumika Unguja kinavuka bahari, hakuna hata kipande kinachochimbwa hapa. Nauli, upakiaji, uteremshaji, vyote vimo ndani ya ile kilo.

Nyumba moja ya Fuoni niliitwa asubuhi baada ya mwizi kupita. Hakukata kitu. Alichukua jeki ya gari, akaiweka katikati ya nondo mbili, akaizungusha taratibu watu wamelala. Nondo zilikuwa nyembamba, zimepishana inchi sita, na fletibaa, kile chuma bapa cha kukingama, ilibandikwa juu yake kwa doti moja moja ya kuchomelea. Doti ziliachia, nondo zikajitanua. Nafasi ile mtu mzima hapiti, lakini mtoto wa miaka kumi anapita, na ndiye aliyepitishwa akafungua mlango wa jikoni. Mimi fletibaa naitoboa matundu, kila nondo inapita ndani ya tundu lake, kisha ndio nachomelea. Nafasi ni inchi nne, si zaidi. Kutoboa kunakula muda, kunakula misumari ya dirili, na mashine zinakula uniti za umeme wa Tukuza. Mteja haoni tofauti siku ya kufungiwa. Jeki ndiyo inayoiona.

Rangi sitaisema sana. Ukikaa Chukwani, Mazizini au popote upepo wa bahari unapokufikia, chumvi haina huruma. Chuma kisiposuguliwa mpaka king'are, kikapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya juu, basi kusi mbili tu zinatosha kuanza kubanduka. Bomba za skwea, zile za pembe nne zilizo wazi ndani, ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zinaoza kwa ndani huku nje zinapendeza. Nimewahi kuvunja moja kwa kidole gumba mbele ya mwenye nyumba.

Sasa kilango, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Wengi mnakumbuka mwaka 2008, umeme wa kutoka bara ulipokatika mwezi wa Mei tukakaa karibu mwezi mzima gizani. Halafu ikaja ile ndefu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Miezi mitatu Unguja nzima mishumaa, vibatari, na majenereta kwa mwenye uwezo. Wezi waliipenda ile hali, na sisi mafundi wa chuma tulipata kazi ambazo hatujapata kuziona. Nilikuwa nachomelea kwa jenereta la kukodi toka asubuhi mpaka isha. Mteja anasema "niwekee nondo, ziba kabisa", nami naziba kabisa. Fremu, nondo, masikio (vile vipande vya chuma vinavyoishika fremu) ukutani, saruji, nimemaliza, dirisha jengine. Sikuwa na sharti lolote wakati ule.

Mwezi wa Februari nyumba moja ya Amani, ambayo madirisha yake nimeyafanya mimi, mshumaa ulianguka ukumbini usiku ukashika mapazia, kisha makochi. Baba, mama na watoto wawili walikuwa chumbani. Walipofungua mlango, ukumbi ulikuwa moshi mtupu, wakaufunga wakakimbilia dirishani. Majirani walifika upesi, hilo nawashukuru mpaka leo. Wakavuta nondo kwa mikono, wakaleta shoka. Hazikutikisika. Mwisho wakavunja tofali chini ya dirisha, wakawatoa mmoja baada ya mmoja, watoto mwanzo. Wote walinusurika, ila mtoto mkubwa alilazwa siku kadhaa kwa moshi.

Nilikwenda kesho yake. Alama za shoka zilikuwa kwenye rangi yangu, kama kumi na mbili hivi, na chini yake chuma hakina hata kovu. Fundi yeyote angeonesha kazi ile kwa fahari. Mimi nilisimama pale nikiitazama, yule baba yuko nyuma yangu hanambii kitu.

Tangu siku ile chumba cha kulala sikitii nondo bila ya kilango. Ukitaka bila ya hicho, nakuelekeza kwa mwengine, na sikuchukii.

Suala linalofuata siku zote ni moja: "Sasa fundi, si ndio nimemfungulia mwizi?" Suala la haki kabisa, na jibu lake limo katika namna ya kukitengeneza. Kilango changu hakipungui inchi 20 kwa upana na 24 kwa urefu; kama ndani ya nyumba kuna mtu mwenye mwili mkubwa nampima mabega yake na naongeza. Pini za bawaba nazichomelea juu na chini zisichomoke kwa kugongwa. Kinafungukia nje, na fremu yake inakalia fremu kubwa pande zote nne, hakuna pa kuingiza mtaimbo. Komeo liko ndani pamoja na kufuli lake, na pembeni yake nazungusha kibati cha milimita tatu kama kisanduku kilicho wazi upande wa chumbani tu. Mkono wa nje haulifikii, wala kijiti chenye ndoano, vile wanavyovulia suruali na simu za watu dirishani. Nampa kila mteja kijiti cha futi nne asimame nje ajaribu kulifungua mwenyewe. Bi mkubwa wa Mpendae alijaribu kwa lile dirisha la maonesho lililoko karakanani, dakika nzima, mpaka mtandio ukamwanguka mabegani.

Kisanduku kile, bawaba zile na kufuli yake ndivyo sehemu kubwa ya elfu 45.

Kinachoniuma ni yale watu wanayoyafanya baada ya mimi kuondoka. Yupo mzee wa Mombasa, Mombasa yetu ya hapa Unguja, aliyekubali kilango mbele yangu kisha akamwita kijana wa mtaani akakichomelea chote kwa elfu tano, "roho itulie". Mwaka uliofuata mkewe akawa hawezi kulala, chumba kina mlango mmoja na jiko liko nje ya mlango huo huo. Yule mzee akaniita nikikate. Kukata, kusugua, kunyoosha fremu iliyopinda kwa joto la kijana yule, bawaba mpya, rangi upya: alilipa karibu nusu ya bei ya dirisha zima. Alinung'unika, lakini kazi ile ni kubwa kuliko kutengeneza kilango kipya, na kila fundi anajua.

Wengine wanatia kufuli la chuma la bei ndogo, likishika kutu wanalimiminia mafuta ya kupikia. Tafadhalini sana. Mafuta ya kupikia yanaganda na vumbi ndani ya kufuli, na baada ya miezi ufunguo hauzunguki. Tia mafuta ya cherehani kidogo mara moja kila baada ya miezi mitatu, au nunua kufuli la shaba toka mwanzo. Na ufunguo usiweke mkobani, wala chini ya mto wa mama, wala kabatini. Upigie msumari ukutani karibu na dirisha, pahala ambapo kijiti cha mwizi hakifiki na mtoto wa miaka minane anafika. Kisha usiku mmoja zimeni taa, mwambieni mtoto afungue. Mara ya kwanza nyumbani kwangu, binti yangu alichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Mara ya tatu alifungua nikiwa bado nahesabu.

Msisubiri gari la zimamoto liwatoe. Nambari ni 114, ipigeni haraka kabisa, lakini vichochoro vyetu vya Ng'ambo na vya Mji Mkongwe mnavijua. Pengine gari inaishia barabarani na mipira inavutwa kwa mikono.

Mji Mkongwe kuna lake jengine. Ukuta wa mawe na chokaa si ukuta wa tofali. Niliwahi kuitwa nyumba moja kule kuangalia nondo "zinazocheza". Nilizishika kwa mikono miwili nikazivuta, zikaja zote pamoja na boliti zake na vumbi la chokaa. Fundi alitumia boliti za kupanua, ambazo zinataka ukuta mgumu wa kuzibana. Kule tunachimba masikio inchi sita ndani ya ukuta na tunajaza kwa chokaa, kwa sababu saruji tupu inakuwa ngumu kuliko ukuta wenyewe na baadaye inaumega. Na kabla ya kugusa dirisha la nje, mwenye nyumba aende kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nikikwambia lete kibali, sikuzungushi. Tena kule sichomelei ndani ya nyumba hata kidogo, boriti za zamani na cheche hazikai pamoja. Kila kitu kinakuja kimeshamalizwa karakanani, ndiyo maana nachukua vipimo mara mbili.

Pemba nako nakwenda, khasa msimu wa karafuu. Tajiri mmoja wa Wete alitaka chumba anachowekea magunia kizibwe pande zote kabla hajazipeleka karafuu shirikani, yaani ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Sawa, ghala ni ghala. Nilipoingia nikakuta na kitanda. "Nalala humu mimi mwenyewe, fundi, nani mwengine nimuamini?" Tulibishana mpaka alasiri. Mwisho nilimtilia kilango kimoja chenye kufuli mbili, na nauli ya kurudi bandarini nikajilipia mwenyewe kwa kuwa nilimpotezea siku.

Mambo mawili ambayo si kazi yangu lakini nayaona kila nyumba ninayoingia. La kwanza, mtungi wa gesi uliofichwa kabatini au chini ya dirisha lililofungwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, haipandi dirishani. Uweke penye upitio wa hewa, na ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa mapovu, funga. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji, nimemuona mtu akifanya hivyo kwa macho yangu. La pili, mlango wa uani. Watu wanalipia nondo madirisha yote, halafu mlango wa nyuma ni mbao nyepesi, na bati la kitasa kwenye fremu limeshikwa na skrubu za nusu inchi. Teke moja. Badilisha skrubu ziwe za inchi tatu zizame ndani ya fremu, hizo hata mimi huna haja ya kuniita.

Kwa walioniamini miaka ile ya giza, 2008 mpaka 2010, na nikawazibia vyumba vya kulala: njooni. Kilango nitakikata na kukitengeneza kwa bei ya chuma, bawaba na kufuli tu, kazi ya mikono yangu hamlipi. Wengine wamehama na nyumba zimepangishwa, basi mpangaji aje, maadamu mwenye nyumba ameridhia. Mpaka sasa nimeshafanya tisa.

Kwa wateja wapya, karatasi yangu ya bei itaandika milimita za nondo, nafasi baina yake, mara ngapi rangi ya chini, na kilango kwa mstari wake peke yake, ili uilinganishe na ya mwengine kitu kwa kitu. Nusu unalipa tukikubaliana, nusu siku ya kufungiwa, baada ya kujaribu kijiti. Ijumaa tunafunga saa tano, tunarudi baada ya sala. Kama uko mbali, nitumie picha ya dirisha, na uipige ukiwa ndani ya chumba, kitanda na mlango vyote vionekane.