Saa yenye mishale miwili ya dakika

Bristol, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na za Baba ziwe za kwanza. Barua unanidai tangu kabla ya Ramadhani, na habari za maradhi ya Baba nimezisikia kwa Mwajuma. Unisamehe, nimekaa kimya mno. Leo nimekuta jambo ambalo Baba atalielewa kuliko mtu yeyote ninayemjua, kwa hiyo msomee, taratibu, akiwa amekaa barazani.

Hapa mjini, Corn Street, kuna saa kubwa ukutani yenye mishale miwili ya dakika, mweusi na mwekundu. Nilidhani mbovu. Kumbe zamani kila mji wa Uingereza ulifuata jua lake, na jua huchelewa kufika Bristol kwa dakika kumi hivi. London wakigonga saa sita mchana, huku bado saa sita kasoro dakika kumi, na hakuna aliyejali. Ndipo ikaja reli ya Great Western, inayotumia saa ya London vituo vyote. Ukifuata jua la kwenu, unakuta treni imeshaondoka! Mwaka 1852 mji ukakubali saa ya London. Sheria ya nchi nzima ikaja 1880. Mwekundu ni wa London, mweusi wa Bristol. Unakumbuka Baba akitufokea tukichelewa stesheni? "Treni haina mjomba!"

Lakini kilichoninyima usingizi si saa. Njia hiyohiyo, alfajiri ya Desemba 24, 1841, treni ilikuwa inatoka London kuja huku. Mbele injini, nyuma yake mabehewa ya daraja la tatu, halafu mabehewa ya mizigo mizito. Daraja la tatu lenyewe, Zuhura, lilikuwa wazi juu, halina paa, mbao tu za kukalia, na huo ni usiku wa Desemba. Pale Sonning, reli inapopita kwenye kilima kilichochimbwa, mvua ilikuwa imeporomosha udongo njiani. Injini ikaukita ule udongo, mizigo ikaja na uzito wake wote, na watu wakabanwa katikati. Wanane wakafa palepale, wa tisa akafia hospitali. Inaaminika wengi walikuwa waashi waliokuwa wakijenga Bunge jipya, wanarudi kwao sikukuu.

Mwaka 1844 Bunge likapitisha sheria: kila siku iwepo treni ya wanyonge, isimame kila kituo, nauli isizidi peni moja kwa maili, mwendo usipungue maili 12 kwa saa, na behewa liwe na paa na viti. Baada ya hapo kibarua akaweza kwenda kumwona mama yake mji wa mbali akarudi, jambo ambalo zamani lilikuwa la matajiri. Hilo nalifurahia kwa moyo wote. Ila siachi kuwawaza wale waashi. Mikono yao imejenga Bunge, na paa lao likaja wao wameshazikwa.

Jumanne nilipita hapo Sonning nikienda London. Kingo mbili za majani na miti, kufumba na kufumbua tumetoka. Ndani ya behewa kulikuwa na joto, mtoto mmoja analia anataka biskuti. Nikasoma Fatiha kimyakimya. Sijui kwa nini, tena si watu wa dini yangu, ila nilisoma.

Sasa niambie. Mguu wa Baba umepungua kuvimba? Mwajuma anasema anakataa uji, kweli? Nani analala naye usiku, wewe peke yako? Dawa alizoandikiwa zinapatikana hapo Tabora au nitafute huku? Na muulize kama aliwahi kuona abiria wakipakiwa pamoja na mizigo, uniandikie maneno yake vilevile anavyoyasema, usiyanyooshe. Ile saa yake ya mfukoni bado inatembea?

Wako,
Rehema