Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mnazo mikononi. Mweka hazina atajibu maswali. Ada zimechelewa, kama kawaida yetu. Nafasi yangu naitumia kwa mada iliyotawala vikao vya mwaka huu hapa Kampala: kupima vijitundu vya fuwele za molekuli (yabisi ambazo molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu) kwa zenoni, gesi adimu.

Baadhi yenu, hasa mnaofundisha Gulu na Mbarara, mliuliza mada hii inatuhusu nini. Swali halali. Molekuli za fuwele hizi hushikana kwa nguvu dhaifu tu. Ukiondoa kiyeyusho, yaani kimiminika ambamo fuwele zilitengenezwa, fuwele huweza kujifinya na vijitundu vikazibika. Eksirei huonyesha mpangilio wa atomi, lakini kama gesi inapenya kweli ni suala jingine. Zenoni huingia yenyewe na kuleta habari. Atomi yake ina upana wa takriban nanomita 0.44, na elektroni zake huvurugika kirahisi inapogusa ukuta. Hapo masafa (frikwensi) ya mawimbi ya redio ambayo kiini cha zenoni-129, aina mojawapo ya zenoni, hutoa ndani ya sumaku kali husogea. Kwa kawaida, kijitundu kikiwa chembamba zaidi, masogeo huwa makubwa zaidi. Ukiongeza gesi, atomi huanza kugusana zenyewe, na spektra, yaani mchoro wa masafa hayo, inabadilika tena. Kwangu hapo ndipo penye utamu.

Wanakemia Ito na Fraissard walitumia njia hii kwenye zeolaiti, madini yenye vijitundu, miaka ya 1980. Vizimba vya molekuli vyenye vijitundu, yaani molekuli zenye uwazi ndani, ambavyo kundi la mwanakemia Andrew Cooper wa Liverpool lilivitangaza mwaka 2009, vilikuja baadaye. Kimojawapo, kiitwacho CC3, huchagua zenoni na kuiacha kriptoni, gesi nyingine adimu.

Gharama ndiyo kikwazo. Hewani zenoni haifiki hata sehemu moja katika milioni kumi, na huvunwa kwa kugandamiza hewa hadi iwe kimiminika. Leza na mvuke wa metali ya rubidi huweza kukuza mawimbi yake maelfu ya mara, hivyo gesi kidogo hutosha, ila vifaa hivyo hatuna. Sumaku kubwa nayo hula heliamu ya kimiminika, na sioni busara ya kuiombea fedha sasa.

Masogeo ya masafa ya zenoni, hata hivyo, hukokotolewa kwa kompyuta kutokana na muundo wa fuwele uliokwisha kuchapishwa. Kamati inapendekeza wanafunzi wetu waanzie huko. Pendekezo litapigiwa kura baada ya taarifa hii.

Mwenyekiti